Wa nani huyu? Nilivyoufuata ukoo wa vibarua wa Norfolk mpaka Kanada

Kwetu Tanga, ukimpeleka mchumba nyumbani, wazee hawaanzi kuuliza anafanya kazi gani. Wanauliza: wa nani huyu? Na ukijibu "mtoto wa fulani" hawatosheki, utaendelea kupanda juu mpaka wao wenyewe waseme basi. Nilipomfikisha mume wangu Ngamiani, Mwingereza wa Norfolk, alimtaja baba yake, akamtaja babu yake, akanyamaza. Bibi yangu akanivuta kando akaniuliza kama kijana wa watu aliokotwa.

Hiyo ilikuwa miaka 11 iliyopita. Leo ukoo wake naujua mimi kuliko yeye. Nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee hapa Norwich, na mchana, nikishapata saa zangu nne za usingizi, nafukua makaratasi. Haya nayaandikia Waswahili wenzangu waliooa na kuolewa huku, wenye watoto ambao upande mmoja wana babu saba wa kuhesabu na upande mwingine kimya. Jina la ukoo silitaji, mume wangu kanikataza. Kijiji nacho nitasema tu kwamba kiko kati ya Swaffham na Dereham.

Hawa hawakuwa mabwana. Baba kwa mwana walikuwa vibarua wa shamba, wa kulima, kupalilia na kuvuna cha mwenzao. Watu hudhani fukara hakuacha maandishi. Kaacha mengi, ila usiyatafute kwenye hati za mali. Yatafute kwenye daftari la mtu aliyelipishwa kwa ajili yake. Hilo lilinichukua miaka miwili kulielewa, na ndilo lililonipeleka Kanada.

Anza na bati la biskuti

Kila nyumba ya Kiswahili ina bati la biskuti lenye sindano na vifungo. Kumbe Waingereza nao wanalo, ila lao lina picha. Mavyaa aliniletea la kwake bila kuulizwa mara ya pili: kadi za mazishi, kitabu cha posho ya chakula cha wakati wa vita, picha ya mwanamume mwenye masharubu amesimama kando ya farasi wawili. Geuza kila picha nyuma. Uliza nani kaandika hiyo penseli. Wahoji wazee sasa hivi, na usiwaulize tarehe, hawazikumbuki. Uliza nani alikuja mazishini, nani aligombana na nani, nani alituma barua kutoka ng'ambo. Shangazi ya mume wangu, mwenye miaka 84, alikumbuka kitu kimoja tu: kwamba "kuna waliokwenda Amerika." Lishike hilo neno, maana lilinipoteza miezi sita.

Kutoka kwa walio hai, rudi nyuma hatua moja moja. Usiruke. Wengi humkuta mtu maarufu mwenye jina lao katika karne ya 16 na kuanza kushuka kutoka kwake. Hiyo ni hadithi, si nasaba.

Vyeti

Uingereza na Wales zilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo serikalini tarehe 1 Julai 1837. Faharasa yake unaitazama bure kwenye tovuti ya FreeBMD, lakini nakushauri ufungue pia akaunti kwenye tovuti ya ofisi kuu ya vyeti, GRO. Faharasa yao mpya inaonyesha jina la mama kabla ya kuolewa tangu 1837, wakati ile ya zamani iliyochapwa inalionyesha kuanzia 1911 tu. Kwa ukoo wenye jina la kawaida, jina la mama ndilo linalokutoa gizani. Kumbuka pia kwamba mpaka sheria ilipokazwa mwaka 1875, wazazi wengine hawakuandikisha watoto na hakuna aliyewafuata.

Cheti cha kuzaliwa kinakupa mama, jina la mama linakupa ndoa, na cheti cha ndoa kinakupa baba wa bwana harusi na baba wa bibi harusi, pamoja na kazi zao. Baba tu. Majina ya akina mama yalianza kuandikwa kwenye vyeti vya ndoa vya Uingereza Mei 2021. Nilipomweleza mama yangu kwa simu alicheka mpaka akakohoa: "Na hao ndio waliokuja kutufundisha ustaarabu."

Kwa njia hiyo nilipanda kutoka kwa mume wangu mpaka kwa kibarua aliyeoa mwaka 1838, ambaye mume wangu ni kilembwekeza wake. Kwenye daftari hakutia sahihi. Alichora msalaba. Mkewe naye msalaba.

Sensa, na uongo wake

Sensa zenye majina ya watu wote zinaanza 1841, kisha kila baada ya miaka 10. Hufungwa miaka 100, kwa hiyo ya mwisho kufunguliwa ni ya 1921, iliyotolewa Januari 2022. Ya 1931 usiitafute, iliungua mwaka 1942. Na 1941 hawakuhesabu, walikuwa vitani. Pengo hilo linazibwa na orodha ya watu iliyoandikwa Septemba 1939.

Ya 1841 isome kwa tahadhari. Umri wa watu wazima ulishushwa mpaka tano ya karibu, hivyo babu yetu wa miaka 33 ameandikwa 30. Haisemi nani ni nani wa nani ndani ya nyumba, na mahali pa kuzaliwa ni ndiyo au hapana: kazaliwa wilaya hii ama sivyo. Kuanzia 1851 mambo yanakaa sawa, unapata uhusiano na jina la parokia aliyozaliwa. Kwenye safu ya kazi utakuta "Ag. Lab." ukurasa mzima, juu mpaka chini. Ni vibarua wa shamba hao. Soma nyumba tatu juu na nyumba tatu chini. Mashahidi wa harusi, wakwe na mashemeji walikuwa wakiishi hapo hapo, na utawahitaji baadaye.

Sensa nyingi zilizo kwenye Ancestry na Findmypast, tovuti za kutafutia ukoo, ni za kulipia, lakini maktaba nyingi za umma huku zinakuruhusu kuzitumia bure ukikaa kwenye kompyuta zao. Usilipe kabla hujauliza maktaba ya mtaa wako.

Madaftari ya kanisa

Kabla ya 1837 unaingia parokiani. Amri ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko ilitolewa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII. Madaftari mengi ya mwanzo yamepotea, na kati ya 1642 na 1660, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe na miaka iliyofuata, yana matundu kama chandarua kibovu. Ikiwa daftari la parokia limechanika, ulizia nakala iliyopelekwa kwa askofu kila mwaka. Mara nyingi hiyo imesalimika.

Norfolk ina bahati. Ofisi ya nyaraka ya wilaya iko hapa Norwich, na picha za madaftari yake mengi zimewekwa kwenye tovuti ya FamilySearch, bure, unahitaji akaunti tu. Hazina zote faharasa, unafunua ukurasa kwa ukurasa kama anayetafuta namba katika kitabu cha simu cha zamani. Mimi nimezizoea hivyo, kwa sababu unavyofunua ndivyo unavyokijua kijiji: mwaka wa homa, mwaka ambao padri alikuwa mvivu, mwaka ambao mwandiko unabadilika.

Kuanzia 1754 ndoa ziliandikwa kwenye daftari lake, zikiwa na sahihi au alama na majina ya mashahidi. Kuanzia 1813 ubatizo una fomu iliyochapwa yenye kazi ya baba na makazi, na maziko yana umri. Kabla ya hapo padri aliandika alivyotaka, ila parokia nyingi za Norfolk za mwisho wa karne ya 18 ziliandika hata jina la mama la usichana. Tarehe nazo zina mtego. Mpaka 1752 mwaka wa Kiingereza ulianza rasmi tarehe 25 Machi, kwa hiyo mtoto aliyebatizwa Februari 1740 kwa hesabu yao ni wa Februari 1741 kwa hesabu yetu. Nimeona watu wakishangaa mtoto kazaliwa kabla ya harusi, kumbe ni kalenda. Wakati mwingine si kalenda, lakini hayo tuwaachie wenyewe.

Sasa kosa langu. Nilimpata babu wa 1838 akibatizwa mwaka 1806, wazazi sawa, kijiji sawa. Nikafurahi, nikachora mti, nikampa mavyaa kwenye fremu siku ya Krismasi. Miezi mitatu baadaye, nikitafuta jambo jingine, nikakuta maziko ya Februari 1807: mtoto mchanga, jina lile lile, wazazi wale wale. Babu wetu halisi alizaliwa mwaka 1808, akapewa jina la marehemu kaka yake. Walifanya hivyo sana. Tangu siku hiyo kila ninayemwona akibatizwa ninamtafuta makaburini kwanza, na nisipomkuta huko ndipo ninapomwamini. Fremu iko bado ukutani kwa mavyaa, na tarehe mbaya. Anasema mti unapendeza.

Maskini walipoandikwa

Tangu 1662 sheria ilikuwa kwamba kila maskini ana parokia inayowajibika kumtunza, na parokia nyingine ilikuwa na haki ya kumrudisha kwao asije akawa mzigo. Kwa hiyo kibarua aliyehamia kijiji cha jirani aliweza kuitwa mbele ya mahakimu wawili aeleze maisha yake: alizaliwa wapi, alifanya kazi kwa nani, kwa muda gani. Mwaka mzima wa ajira ulimpa haki ya ukaazi, na ndiyo maana wakulima wengine waliajiri kwa wiki 51 tu. Maelezo hayo yaliandikwa na yapo, katika makaratasi yaliyokuwa yakifungiwa kwenye sanduku la parokia na ambayo sasa mengi yako ofisi za nyaraka. Omba maelezo ya ukaazi, amri za kurudishwa kwao, hati za baba wa mtoto wa nje ya ndoa, na daftari la matumizi la wasimamizi wa maskini. Baba yake babu wetu nilimkuta hapo mwaka 1799, anasimulia kwa nafsi ya tatu alivyohama mashamba matatu. Mtu asiyejua kusoma, na bado sauti yake imefika.

Mwaka 1834 sheria mpya iliunganisha parokia katika miungano yenye nyumba za maskini, ambako mume alitenganishwa na mke na wazazi na watoto. Muungano wa kijiji chetu ulitumia jengo la Gressenhall, lililokuwapo tangu miaka ya 1770, na leo ni jumba la makumbusho. Nimekwenda mara mbili. Mara ya pili nilikaa nje.

Sheria ile ile iliruhusu parokia kukopa fedha, kwa idhini ya makamishna wa London waliosimamia sheria hiyo ya maskini, ili kuwasafirisha maskini waliokubali kuhama nchi. Ilikuwa nafuu kuliko kuwalisha kila baridi. Norfolk iliitumia nafasi hiyo kupita wilaya nyingine zote: katikati ya miaka ya 1830 zaidi ya watu 3,000 waliondoka hivyo, wengi kwa meli kutoka bandari ya Yarmouth kwenda Quebec.

Katika muhtasari wa mkutano wa parokia wa mwaka 1836 nilikuta orodha ya familia za kwenda "America". Kaka mkubwa wa babu yetu alikuwa wa nne: yeye, mke na watoto watatu. Kurasa mbili mbele, kwenye matumizi, viatu na nguo zao. Hakuna cheti wala sensa ingenipa hilo. Alikuwa amekwisha kuondoka kabla vyote havijaanza. Nilimpata kwa bei ya viatu.

Kumfuata aliyevuka

Hapa ndipo lile neno liliponipoteza. Nilitafuta New York, nikatafuta Ohio, nikatafuta kila jimbo lenye Waingereza. Watu wa kijijini mwaka 1836 walisema Amerika wakiwa na maana ya bara zima, na meli ya Quebec ilikuwa ya Kanada. Wengi walipanda mto Saint Lawrence mpaka ile sehemu ambayo leo ni Ontario. Kabla hujatafuta mtu, tafuta meli zilikuwa zikienda wapi mwaka huo.

Orodha za abiria usizitegemee kwa miaka hiyo. Za Quebec zinapatikana vizuri kuanzia 1865, kwenye tovuti ya Maktaba na Nyaraka ya Kanada. Kwa walioondoka Uingereza baadaye, orodha za kutoka bandarini zipo kuanzia 1890 mpaka 1960. Kama mhamiaji wako alikwenda Australia au New Zealand, una raha kuliko mimi: magazeti ya zamani ya huko yako bure kwenye tovuti za Trove na Papers Past, na waliolipiwa nauli na serikali waliandikwa vizuri. Vibarua wengi walikwenda New Zealand miaka ya 1870, baada ya Joseph Arch kuanzisha chama cha vibarua wa mashamba mwaka 1872 na wakulima kuwafungia kazi wanachama.

Mimi ilibidi nimtafute kwa upande wa pili wa maji. Sensa ya Kanada ya 1851, iliyohesabiwa hasa Januari 1852, ilinipa wanaume wanne wenye jina lake, wote "England". Haisemi kijiji. Basi nikaacha kumtafuta yeye, nikawatafuta majirani. Zile familia nyingine katika orodha ya parokia, nikaziandika zote na kuzitafuta Ontario. Tatu zilikuwa katika kitongoji kimoja, na mmoja wa wale wanaume wanne alikuwa akilima karibu nao. Watu waliotoka meli moja walikaa pamoja, kama Wapemba Tanga.

Huo bado ni dhana, si ushahidi. Ushahidi ulitoka mahali nisipopatarajia: mzee alioa tena. Ontario ilianza kuandikisha rasmi Julai 1869, na tofauti na Uingereza, daftari lao la ndoa liliandika wazazi wote wawili wa kila upande, baba na mama. Mwaka 1871, akiwa na miaka 67, mjane, alikwenda kumwoa mama mjane wa jirani, akaulizwa wazazi wake ni nani, akawataja. Jina la mama yake ni lile lile ambalo padri wa Norfolk aliliandika mwaka 1804 alipombatiza. Nilipiga kelele mpaka mume wangu akashuka ngazi akidhani nimeungua.

Kama wako hakuoa tena, watafute watoto wake, hasa mdogo wa mwisho. Kuwa mwepesi kwenye tahajia. Sisi tumezoea neno kuandikwa linavyotamkwa, Norfolk sivyo: Wymondham ni "Windam", Happisburgh ni "Hezbra", Costessey ni "Kosi". Karani wa Kanada aliandika alichosikia. Mtoto wa kwanza wa mzee, aliyebatizwa kwao mama yake Wymondham, kwenye daftari la Ontario kazaliwa "Windom". Taja jina la kijiji kwa sauti, mwombe mwenyeji alitaje, kisha utafute unavyolisikia.

Kuhusu mate, yaani kipimo cha DNA. Nilimpima shangazi, si mume wangu, maana kila kizazi kinapoteza sehemu ya urithi wa damu na mzee anayo zaidi. Majibu yalitoa jina la bwana mmoja wa Ontario, mti wake ukiishia kwa mzee aliyeoa mwaka 1871. Mate peke yake yasingetosha, ndugu wa mbali namna hiyo wengine hawashiriki hata kipande. Lakini makaratasi na damu vilipokutana nikaridhika.

Barua ya kwanza kwa ndugu aliye hai iwe fupi. Usimtumie mti mzima wala usiweke habari za walio hai kwenye mtandao. Nilimwandikia mistari sita, nikaambatisha ule ukurasa wa viatu. Akakaa wiki tano, kisha akatuma picha ya Biblia ya familia yao yenye tarehe za kuzaliwa za watoto watatu waliopanda meli. Ya mtoto wa pili inapishana na daftari la Norfolk kwa mwaka mzima, na Biblia imeandikwa kwa wino mmoja wote, maana yake kuna mtu aliinakili baadaye kwa kumbukumbu. Nimezihifadhi zote mbili bila kufuta mojawapo.

Kilichobaki ni barua kati ya muungano wetu na makamishna wa London, zilizoko Nyaraka za Taifa huko Kew, kwenye mafungu yanayoitwa MH 12. Natumaini kuona nani aliomba kwenda na nani alisukumwa. Nimechukua likizo Alhamisi. Ukienda, jiandikishe kwanza upate kadi ya msomaji, beba kitambulisho na uthibitisho wa anwani yako, na weka penseli mfukoni. Kalamu ya wino utaiacha mlangoni.